Kilichoigusa Ngozi ya Mzee Matiasi

Bernardo alichota unga kwa ncha ya kidole, akaulamba mbele ya polisi, kisha akafuta kidole kwenye suruali.

"Umeona, afande? Ingekuwa sumu ningekuwa nimelala hapa malori yananipita."

Mkaguzi Msaidizi Joyness Mhoja hakucheka. Alitoka Ngara alfajiri, amerushwarushwa kwenye gari la polisi lisilo na springi mpaka kiuno kikamgoma, na sasa amesimama Nyakanazi, pembeni ya stendi, mbele ya muuza dawa za asili anayekula kielelezo cha kesi.

"Nani amekuambia ulambe?"

"Hakuna. Lakini ulivyonitazama, nikaona maneno hayatatosha."

"Ulimuuzia nani unga huu?"

"Deodata. Ni mtoto wa hapahapa, kwao napajua. Alisema mwanawe anasumbuliwa na chango. Ni mizizi tu hii, unakorogea kwenye uji."

"Na mtu akiumwagia kwenye nguo za mtu mwingine?"

Bernardo alimkodolea macho. "Atakuwa amezichafua. Kwani kuna nini tena?"

Joyness aliufunga mfuko. Unga ule ndio uliokuwa kitu pekee cha kushikika katika jalada la Deodata. Koplo Derick aliukuta ndani ya sanduku la mwanamke huyo kule Mabawe, akaufurahia kupita kiasi, akauandikia nusu ukurasa. Mkemia alikuwa hajajibu, lakini ulimi wa Bernardo ulikuwa umejibu.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mzee Matiasi Sindayigaya, mkulima wa Mabawe, alianza kuwashwa mwaka uliopita. Ngozi ya kifua, mgongo, kiuno na mapaja ilivimba, ikawa nyekundu, kisha ikawa nene na nyeusi, ikapasuka. Alipakwa kila mafuta yanayopakwa. Haikusaidia kitu. Mwishowe mwanawe wa kiume, Frednand, akasimama mbele ya ukoo akasema kuna mtu anamtilia baba yake kitu, na mtu huyo ni mke wake yeye Frednand, Deodata, waliyemwoa kutoka Biharamulo, kwa sababu ndiye anayepika, anayefua na anayechota maji. Majirani wakaja na mapanga. Polisi wakamchukua Deodata, kwanza kumwokoa, baadaye kumshtaki. Mahakama ilimpa dhamana, ila mumewe hakuja kumdhamini, na kwa vile mumewe hakuja, hakuna mwingine aliyethubutu. Mtoto wake Ineza, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, alibaki kwa bibi yake.

Simu iliita wakati Joyness anaagiza chai kwenye kibanda cha mama mmoja jirani na kituo cha mafuta. Alikuwa daktari Theonest wa maabara huko Mwanza, mtu ambaye Joyness alimjua kwa sauti tu. Hospitali ilikuwa imekata kipande kidogo cha ngozi ya mzee na kumpelekea. Majibu yake ya kwanza yalisema ameona vikundi vya seli za kinga ndani ya ngozi ya juu, na kwamba huenda ni saratani ya limfu.

Tangu siku ile Joyness alikuwa anaiombea saratani, na hilo lilimtia aibu. Ikiwa ni saratani, basi hakuna aliyemgusa mzee, na Deodata anarudi kwa mwanawe. Mzee naye anakwenda kaburini. Hakuwa amewahi kushika jalada ambalo habari njema ya mmoja ni msiba wa mwingine namna ile.

"Mkaguzi, umekaa?" daktari aliuliza.

"Nimesimama. Sema."

"Si saratani."

Joyness aliweka kikombe chini. "Mara ya kwanza ulisema huenda ni yenyewe."

"Mara ya kwanza niliona vikundi tu. Seli zimejibana pamoja mahali ambapo kwa kawaida hazikusanyiki. Saratani ya limfu ya ngozi hufanya hivyohivyo, tena hupenda kuanzia kiunoni na mapajani. Nikaogopa. Nikatia rangi ya pili, ile inayoshika aina moja ya seli na kuacha nyingine. Vikundi vyote vimeshika. Hawa si saratani, ni walinzi."

"Walinzi wa nini?"

"Wa ngozi. Ni seli zinazokaa hapo kuangalia nani anaingia. Kitu kigeni kikigusa ngozi, zinakikamata na kuwaita wenzao. Kikija leo na kesho na keshokutwa, zinajazana. Hata umbo linasema. Vikundi vya saratani mara nyingi ni vya duara. Hivi vimekaa kama vibuyu, mdomo umeelekea juu."

"Kwa hiyo kuna kitu kinamgusa."

"Kutoka nje, na mara kwa mara. Ni mzio. Watu mia wanaweza kukishika wasipate hata upele, yeye peke yake akawaka."

"Kitu gani, daktari?"

"Hadubini haina macho ya kuona uwanjani kwake, mkaguzi. Hiyo kazi ni yako."

Chai ilipoa. Mzee Matiasi angeishi, na Joyness alijua kwamba maneno hayohayo yalikuwa yamemtia Deodata kitanzi shingoni.

*

"Sasa tuna kesi," alisema mkuu wa upelelezi, akisugua viganja. "Daktari mwenyewe anasema kuna mkono."

"Hakusema mkono, afande. Alisema kitu."

"Kitu hakina miguu. Kuna mtu alikipeleka. Nataka jalada liende kwa mwendesha mashtaka Ijumaa."

Koplo Derick alikohoa kidogo mlangoni. Alikuwa kijana mwenye bidii, na bidii yake ilimchosha Joyness kuliko uvivu wa wengine. "Na kuna jingine, afande. Nilipita Mabawe jana. Tangu tumweke yule mama ndani, mzee anapona. Anavaa shati bila kugumia."

Mkuu alimtazama Joyness kama mtu aliyemaliza mabishano. Habari ile ilikuwa mbaya kuliko unga wote wa Nyakanazi.

Deodata aliletwa chumba cha mahojiano akiwa amejifunga kanga ileile aliyokamatwa nayo. Aliamkia, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mzee hana saratani," Joyness alimwambia.

Deodata alifumba macho. "Ashukuriwe Mungu," alisema, na machozi yakamtoka waziwazi.

Derick na Joyness walitazamana.

"Unaelewa maana yake kwako?"

"Naelewa atapona."

"Maana yake kuna kitu kilimgusa mwilini. Mara nyingi. Na nguo zake ulikuwa unashika wewe. Taja jina la mzee unayeshtakiwa kumdhuru, tuandike."

"Baba yake Frednand."

"Jina lake."

"Mwenye mji."

"Deodata. Jina."

Mwanamke aliinamisha kichwa. Derick akamnong'oneza Joyness, "Ndivyo alivyo tangu siku ya kwanza. Nimeandika kwenye maelezo ya onyo: mtuhumiwa anakwepa kumtaja mlalamikaji."

Joyness aliliacha hilo. "Nguo za mumeo unafua wewe?"

"Mimi."

"Za mzee?"

"Mimi."

"Sabuni moja?"

"Ileile. Ya mche."

"Maji?"

"Yaleyale ya kisima."

"Beseni moja?"

"La mzee ni lake."

"Kwa nini?"

"Ndivyo inavyokuwa, afande."

"Zikikauka?"

"Nampa mama, anampelekea. Mimi siingii chumbani kwake."

"Na kati ya kufua na kumpa mama, kuna nini?"

Pumzi ya Deodata ilikatika, akavuta pindo la kanga. "Zinakauka," alisema.

Joyness aliisikia ile pumzi iliyokatika. Miaka yake ya kazi ilimfundisha kwamba mtu anayesita namna ile amesimama mbele ya kitu anachokificha kwa mwili wake. "Kuna jambo huniambii."

"Nilichofanya mimi nimekuambia chote."

"Na alichofanya mwingine?"

Deodata aliomba arudishwe mahabusu.

*

Mzee Matiasi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake Mabawe, kofia ya kitambaa imefunika kichwa mpaka masikioni. Joyness alimwamkia, mzee akaitikia marahaba bila kumtazama.

"Mmeshamfunga?"

"Bado tunachunguza, mzee. Naomba nione ngozi."

"Wameiona wengi." Lakini alinyanyua shati.

Joyness alitazama taratibu, kama anavyotazama chumba kilichovunjwa. Ngozi ilikuwa imeanza kulainika, nyekundu ikipauka, lakini mipaka yake bado ilisomeka. Shingoni ugonjwa ulikatika pale inapofikia kola. Mikononi uliishia kwenye viwiko, mikono ya shati inapokomea. Kiunoni ulikuwa mnene kuliko kote. Viganja vilikuwa safi. Uso safi. Paji la uso, chini ya kofia, safi kabisa.

"Kofia hii nani anaifua?"

Bibi Eustakia, mke wa mzee, alikuwa ametokea jikoni na Ineza mgongoni. Aliguna. "Kofia? Haijawahi kuona maji hiyo. Anasema ikifuliwa itasinyaa."

"Mimi ndiye ninayeivaa," mzee alisema.

Joyness alimgeukia Frednand, aliyekuwa anajifanya ananoa jembe. "Na wewe nyanyua shati."

"Mimi naumwa nini?"

"Nyanyua."

Mgongo wa Frednand ulikuwa laini, hauna hata chunusi. Sabuni moja, maji yaleyale, mikono ileile, na Frednand hana kitu. Basi sumu haikuwa kwenye sabuni wala kwenye maji. Kofia isiyofuliwa ilikuwa salama, shati linalofuliwa lilikuwa baya. Kitu kiliingia baada ya kufua, kabla ya kuvaa. Alizunguka nyuma ya jiko. Kwenye kamba yalining'inia mashati mawili ya mzee, suruali ya Frednand na kanga ya Eustakia, vyote vikipigwa jua kwa pamoja.

"Hizi kafua nani, bibi?"

"Mimi. Tangu mkamwana aondoke nafua mwenyewe."

"Na yeye alikuwa anaanika hapahapa?"

Eustakia alimshangaa. "Hapa? Mkamwana aanike shati la baba mkwe bega kwa bega na sketi yake? Hapana, afande. Kwetu haifanyiki. Huyu hata jina la baba mkwe halitamki, angewezaje kuchanganya nguo?"

"Hatamki jina?"

"Mkamwana mwenye adabu hamtaji baba mkwe. Atasema mwenye mji, atasema baba yake fulani. Akimtaja, kamvua nguo mbele za watu."

Joyness alihisi uso unamchoma. Mstari ule wa Derick ulikuwa jaladani, umepigiwa mstari kwa wino mwekundu, na aliyeupigia ni yeye mwenyewe.

"Kwa hiyo alikuwa anaanika wapi?"

Bibi Eustakia alimpandisha Ineza vizuri mgongoni, akaelekeza kwa kidevu upande wa bondeni, barabara inakopita. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kule chini. Peke yake."

Walishuka. Kando ya barabara ya kifusi kulikuwa na kipande cha majani yaliyosimama kufika kiunoni, mabichi ya kung'aa, yenye vijani vilivyochanwachanwa na viua vidogo vyeupe visivyo na idadi. Katikati yake palikuwa pamelala, kama mahali anapolala ng'ombe. Mbuzi wawili waliofungwa jirani walikuwa wameguguna kila kitu mpaka udongo ukaonekana, ila majani yale hawakuyagusa.

"Haya yapo tangu zamani?"

"Hayakuwepo. Yalikuja na kifusi, walipotengeneza barabara. Tuliyaona mazuri. Yamesimama, hayana vumbi, nguo haigusi udongo."

Joyness aliinama ayachume, mkono ukasita hewani. Aliwaza vile vibuyu vya daktari, mdomo juu. Alitoa mfuko wa nailoni, akaugeuza kuwa glavu, akakata tawi moja. Alipogeuka, Bibi Eustakia alikuwa ameshaanza kupanda kurudi nyumbani, haraka kuliko umri wake.

*

"Gugu karoti," alisema Anold Shibuda, afisa kilimo, kabla hata mfuko haujafunguliwa mezani pake. "Linasafiri na malori. Ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu. Wapo watu linawababua wakiligusa, wapo wanaolipalilia mwaka mzima wasijue."

"Na shati likianikwa juu yake?"

Anold alifikiri. "Lina vinyweleo na utomvu. Shati bichi litabeba vyote."

Joyness alimpigia Theonest. Daktari akasema kuna njia ya kuhakikisha. Muuguzi wa zahanati ya Mabawe alimbandika mzee plasta mbili mkononi, mahali ambapo ngozi ilikuwa safi. Chini ya moja alitia kipande cha gugu karoti, chini ya nyingine jani la nyasi za kawaida. Mzee aliambiwa ni kipimo cha daktari, basi. Siku mbili baadaye zilibanduliwa. Palipokuwa na nyasi hapakuwa na alama. Palipokuwa na gugu karoti ngozi ilikuwa imeinuka, nyekundu, inatoka maji.

Mkuu wa upelelezi alisoma taarifa mara mbili. "Kwa hiyo kosa liko wapi?"

"Hakuna, afande."

"Mtu ameumwa mwaka mzima na hakuna kosa?"

"Alianika nguo kwa heshima. Hakuna kifungu."

Mkuu alinung'unika, lakini alipiga simu kwa mwendesha mashtaka, na shauri likaondolewa. Joyness aliwahi mwenyewe mahabusu kumpa Deodata habari. Alikuwa na furaha ya kitoto aliyokuwa hajaisikia kazini kwa muda mrefu, na aliisimulia kesi yote kwa mpigo, kofia, kamba, barabara, plasta, vikundi vya seli vilivyodhaniwa kuwa saratani.

Deodata alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

Furaha ya Joyness ilizimika palepale. "Si wewe. Ni majani."

"Majani hayakujipeleka kwenye shati lake. Mwaka mzima namsikia analia usiku, mimi naamka asubuhi naenda kumfulia vizuri zaidi, nikidhani usafi utamsaidia. Nikitandaza pale, nabonyeza kwa mikono ili zikae." Alivitazama viganja vyake. "Ni mimi."

"Sheria haikudai chochote."

"Sheria haikai Mabawe, afande."

Hilo lilikuwa kweli, na Joyness alilijua hata kabla ya kuambiwa. Alivuta kiti karibu. Alichokisema kisha hakikuwa kazi ya polisi, na alikisema kwa sauti ya chini. "Gugu hilo hata upepo hulibeba. Naweza kuwaambia ni upepo. Tutalifyeka, mzee atapona, na hakuna mtu atakayekutazama vibaya. Utarudi kwa Ineza kesho."

Deodata alikaa na neno hilo. Joyness aliona jinsi lilivyomvuta, maana alipotajiwa mtoto midomo ilimtetemeka.

"Mkisema upepo, wataanika nguo zake kwingine majani yaleyale yalikoota. Barabara nzima imejaa," alisema mwishoni. "Atarudi kuwashwa, na mimi nitakuwa nimekaa kimya namtazama. Hapo ndipo nitakuwa mchawi kweli. Waambie, afande. Waambie mbele yangu."

*

Ukoo ulikuwa umekaa uwanjani. Mzee Matiasi kwenye kigoda, Frednand kwenye benchi akiwa na kijiti mkononi, Bibi Eustakia mlangoni mwa jiko, Ineza mgongoni. Deodata alipiga magoti mbali, pembeni, uso umegeukia kando kama inavyompasa. Joyness aliwaeleza kwa Kiswahili chepesi, bila kuruka kitu. Alipomaliza alionyesha mkono wa mzee, alama bado mbichi.

Mzee aliutazama mkono wake kwa muda mrefu.

"Basi ni yeye," alisema. "Si nilisema tangu mwanzo? Mkasema subirini wataalamu. Wataalamu nao wamesema ni yeye."

"Mzee, hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anakuheshimu."

"Nia yake siioni. Ngozi yangu naiona."

Frednand alichora mstari ardhini, akaufuta, akachora mwingine. Hasira ilimpanda Joyness. Alikuwa amekusanya kila kitu, ngozi, rangi, jani, plasta, akamtoa mwanamke ndani, na neno moja la mzee lilikuwa linamrudisha mahali penye mlango mzito kuliko wa mahabusu.

"Deodata," Bibi Eustakia aliita kutoka mlangoni. "Mwambie afande siku ya kwanza ulipofua hapa ulianika wapi."

"Mama, acha."

"Mwambie."

"Nimesahau."

"Mimi sijasahau." Bibi Eustakia alisogea mpaka katikati ya uwanja, mkono mmoja nyuma ukimtegemeza mtoto. "Kwao wanaanika kamba moja, hawajali. Alitundika shati lako hapo nyuma, Matiasi, karibu na kanga yake. Nikalitoa kwa mkono wangu. Halafu nikamshika mkono, nikamshusha kule chini, nikamwonyesha yale majani. Nikamwambia, hapa ndipo pa baba mkwe, na siku nikikuta nguo yake kwingine utarudi kwenu. Kila juma nilikwenda kukagua kama anatii." Alimgeukia Joyness. "Ulimuuliza mara ngapi kule ndani?"

"Mara nyingi, bibi."

"Alinitaja?"

"Hapana."

Joyness alimtazama Deodata, ambaye sasa alikuwa ameficha uso ndani ya kanga. Pumzi ile iliyokatika chumba cha mahojiano ilikuwa na jina, na mwenye jina hilo alikuwa amezungumza naye nyuma ya jiko asitambue.

"Kama ni yeye, basi ni mimi," Bibi Eustakia alimwambia mumewe. "Mkimfukuza, na mimi nafunga zangu. Hii miguu inafika Nyakanazi."

Mzee Matiasi alivua kofia, akaipangusa vumbi lisilokuwepo, akaivaa tena. Alikuwa mtu aliyeishi na mwanamke yule tangu ujana na hakuwahi kumsikia akimjibu mbele za watu. Alitazama kila mahali isipokuwa alipopiga magoti mkamwana wake, kisha macho yake yakatua kwa mtoto.

"Mtoto hajala," alisema, akiielekezea ardhi maneno yake. "Tangu asubuhi analia. Apikiwe."

Uwanja mzima ulielewa ameambiwa nani. Deodata alinyanyuka, akapita kwa kuzunguka ili asimkatize mzee, akafika kwa mama mkwe wake na kunyoosha mikono. Bibi Eustakia alifungua mbeleko, akamshusha Ineza.

Mtoto alimtazama mwanamke aliyekuwa anampokea. Akamkazia macho. Kisha akageuka, akakamata kanga ya bibi yake kwa ngumi zote mbili na kupiga kelele.

Deodata alizibandua ngumi zile moja moja, polepole, akaingia naye jikoni akiwa bado analia. Moshi ulipoanza kutoka, Frednand alikuwa bado anachora ardhini, na katika uwanja ule hakuna mtu aliyekuwa amemwomba Deodata radhi.